Tazama viganja, tazama nyayo: namna ya kutambua ugonjwa wa mpox mapema



Somo letu la leo ni juu ya vipele. Mtu wa chimbo hashangai akiona vipele. Vumbi, jasho, mafuta ya mashine, tindikali na joto la buti vinatuletea vipele kila mwaka, na mara nyingi vinakwisha kwa maji na sabuni. Kwa sababu hiyo tumezoea kuvidharau. Lakini kuna vipele ambavyo haifai kuvidharau hata siku moja. Ni vile vinavyokuja pamoja na homa na kutokea hata ndani ya viganja vya mikono na chini ya nyayo. Vinaweza kuwa mpox, ugonjwa ambao zamani uliitwa ndui ya nyani.

Kwetu sisi watu wa chimbo ugumu wake ni huu: viganja vyetu vinashinda ndani ya glovu, na nyayo zetu ndani ya buti. Mfanyakazi anaweza kwenda kazini siku tatu au nne akiwa na alama za ugonjwa mwilini, na mwenzake wa zamu asione kitu. Jioni anarudi nyumbani, anavua buti, na mtoto wake mdogo anamrukia mapajani. Mkubwa mwenye nguvu mara nyingi anapona. Mtoto mdogo anaweza kufa. Basi soma somo hili pamoja na watu wa nyumba yako.

1. MPOX NI UGONJWA GANI?

Unaletwa na virusi, ndugu ya vile vilivyoleta ndui ya zamani. Mwaka 1958 virusi hivyo vilionekana mara ya kwanza kwa nyani waliofugwa kwa uchunguzi katika mji wa Copenhagen. Jina la zamani lilitoka huko. Lakini nyani si mwenye nyumba wa ugonjwa huu. Waganga wanadhani kwamba panya wa pori, kindi na wanyama wadogo wa namna hiyo ndio wanaouhifadhi zaidi. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto wa miezi 9, mwaka 1970, kule Basankusu, katika Equateur. Kwa hiyo ugonjwa huu si mgeni katika Congo yetu.

Wazee wetu wengi wana kovu la chanjo ya ndui kwenye mkono. Chanjo ile ilimkinga mtu kiasi hata kwa mpox. Mwaka 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani, na chanjo yake ikaachwa. Basi aliyezaliwa baada ya hapo hana kinga hiyo. Hesabu watu wa kikosi chako cha kazi: ni wangapi waliozaliwa mbele ya 1980? Wachache, au hakuna.

Mwezi wa Septemba 2023, katika mji wa Kamituga, Kivu ya Kusini, mahali wenzetu wanapochimba dhahabu, ilionekana aina mpya ya mpox ambayo waganga waliipa alama Ib. Ilikuwa inapita vizuri kutoka mtu kwa mtu, hasa kwa njia ya kulala pamoja mwanaume na mwanamke, kisha ikaingia ndani ya nyumba na kuwakuta watoto. Mji wa chimbo ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Ugonjwa ulifuata barabara mpaka Bukavu na Goma, na katika mwaka 2024 ulivuka mipaka na kufika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hatari ya dunia nzima. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Kuondoa tangazo si kuondoa ugonjwa: virusi bado viko.

Hata hivyo si ugonjwa wa kila siku. Mwingine atafanya kazi mpaka pensheni bila kuuona. Na kitu kisichoonekana mara nyingi ndicho kinachotupita mbele ya macho bila kukijua.

2. UNAVYOENDA, SIKU KWA SIKU

Baada ya virusi kuingia mwilini, mtu hukaa bila alama yoyote kwa siku chache mpaka siku 21. Kisha mambo huenda hivi:

Kwanza, homa. Kichwa kinauma, mgongo na nyama za mwili zinauma, nguvu zinaisha. Karibu kila mtu hapa anafikiri ni malaria. Tizama jambo moja zaidi: tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, ambazo wengine huziita mitoki. Malaria haivimbishi tezi hizo. Mpox huzivimbisha mara nyingi.

Pili, madoa. Siku 1 mpaka 3 baada ya homa kuanza, madoa yanatokea usoni, mikononi, miguuni, mdomoni, au kwenye sehemu za siri. Kwa watu wengine vipele hutangulia na homa hufuata, au vipele vinabaki vichache tu mahali pamoja. Usingoje kuona mwili mzima umejaa.

Tatu, madoa yanainuka kuwa vipele vigumu, kisha yanajaa maji, kisha usaha. Kipele cha mpox ukikigusa ni kigumu, kama punje iliyozikwa ndani ya ngozi. Mara nyingi katikati kina kishimo kidogo kama kitovu. Kinauma.

Nne, vinakauka, vinafanya magamba, na magamba yanaanguka. Kutoka mwanzo mpaka mwisho ni majuma 2 mpaka 4.

Shika sana jambo hili: mgonjwa anaweza kuambukiza wengine tangu alama za kwanza mpaka gamba la mwisho limeanguka na ngozi mpya imefunika mahali pake. Kupoa kwa homa hakutoshi. Kusikia nguvu zimerudi hakutoshi.

3. KWA NINI TUNASEMA VIGANJA NA NYAYO?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza: magonjwa mengi ya vipele hayafiki huko, lakini mpox hufika mara nyingi. Ya pili: ngozi ya kiganja na ya unyayo ni nyeupe kuliko ngozi yetu nyingine. Doa ambalo halionekani vizuri kwenye mkono mweusi, kwenye kiganja linaonekana.

Lakini ngozi ya huko ni nene. Kipele hakiinuki sana kama mahali pengine. Kinaweza kuonekana kama doa la duara chini ya ngozi, na ukishika mpini wa koleo au ukikanyaga ngazi kinauma. Wafanyakazi wengi watasema, "Ni buti mpya," au "Ni mpini." Huenda ni kweli. Lakini jichunguze hivi, kila unapokuwa na homa:

– Simama mahali penye mwanga wa jua au taa nzuri.
– Osha mikono na miguu, kausha.
– Fungua viganja vyote viwili, tazama mpaka kati ya vidole.
– Kaa chini, geuza unyayo mmoja, kisha mwingine. Kama huwezi kuona vizuri, bibi yako akutazamie bila kugusa.
– Tazama uso, ndani ya mdomo, na sehemu za siri.
– Pima kwa vidole chini ya taya, kwapani na kwenye kinena kama kuna tezi.

Kazi hiyo yote haizidi dakika tano.

4. USICHANGANYE

Hatutaki kila mwenye kipele kidoleni aogopeshe kambi nzima. Yako magonjwa mengine, na kila moja lina njia yake.

Tetekuwanga. Hii ndiyo inayochanganya watu zaidi. Vipele vyake vinatoka kwa mafungu: leo vichache, kesho vingine, hata kifuani pekee unaona doa, kipele cha maji na gamba kwa wakati mmoja. Vinawasha sana, viko laini juu ya ngozi, vimejaa zaidi kifuani na mgongoni, na kwa kawaida havishiki viganja na nyayo. Vya mpox, katika sehemu moja ya mwili, mara nyingi vinaenda pamoja kwa hatua moja.

Surua. Mtoto ana homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Madoa ni bapa, hayajai maji wala usaha.

Upele wa kuwasha. Unakaa kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Unawasha hasa usiku, na watu wa nyumba moja wanajikuna wote. Hauna homa.

Kaswende. Hii nayo inaleta madoa viganjani na nyayoni kwa wakubwa. Kwa kawaida hayaumi, hayawashi wala hayajai maji. Aliye nayo naye anahitaji mganga, kwa sababu inatibika kwa sindano, na isipotibiwa inaharibu mwili na mimba.

Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ni wa watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka 5. Unaleta vidonda mdomoni na vipele vidogo viganjani, nyayoni na matakoni. Kwa kawaida si mkali, unapona kwa siku 7 mpaka 10.

Ngozi ya kazi. Saruji, chokaa, tindikali, mafuta, hata kobalti na nikeli, vinaweza kukasirisha ngozi. Inapasuka, inakauka, inawasha, hasa pale palipoguswa. Hakuna homa, hakuna tezi, na ukipumzika siku chache inapata nafuu. Mwambie mkuu wako wa usalama, maana pengine glovu zako zimetoboka au si za kazi hiyo.

Miguu ya buti. Ngozi laini nyeupe inayobanduka kati ya vidole, yenye harufu na kuwasha, ni ukungu wa jasho. Lengelenge moja kisiginoni baada ya buti mpya ni lengelenge la buti.

Ukisoma maelezo hayo na bado una shaka, usikate shauri wewe mwenyewe. Hata mganga mzoefu hawezi kuwa na hakika kwa macho peke yake. Anachukua maji ya kipele au gamba kidogo na kupeleka laboratwari. Kazi yako ni kushuku mapema, si kutoa hukumu.

5. UNAVYOENEA KAZINI NA KAMBINI

Virusi vinapita kwa kugusa ngozi yenye vipele. Kwa mate na pumzi ya watu wanaokaa karibu uso kwa uso muda mrefu. Kwa kulala pamoja mwanaume na mwanamke. Na kwa vitu vilivyoguswa na vidonda: shuka, kikwembe, taulo, nguo za kazi. Vinaweza pia kutoka kwa mnyama wa pori mgonjwa, kwa kumchuna, kwa kuumwa naye, au kwa kula nyama yake isiyoiva vizuri.

Sasa fikiri juu ya kazi yetu. Glovu moja inavaliwa na mtu wa zamu ya asubuhi, kisha na wa zamu ya usiku. Taulo moja inapita kwa watu wawili bafuni. Nguo za kazi zinarudi nyumbani kwa mama kufuliwa. Kitanda kimoja kinalala watoto watatu. Usiazime glovu, buti, taulo wala wembe. Mtu asiyeazima si mchoyo, anamlinda mwenzake.

6. UKIONA ALAMA, FANYA HIVI

Kwanza: usiende kazini, na usipande gari la wafanyakazi lililojaa. Mjulishe mkuu wako kwa simu au kwa mtu.

Pili: funika vipele kwa nguo safi ya mikono mirefu, vaa maski au kitambaa mdomoni, uende kwenye dispanseri au hospitali siku hiyohiyo. Ukifika mlangoni sema wazi: "Nina homa na vipele viganjani." Muuguzi atajua pa kukuketisha.

Tatu: taja watu uliogusana nao. Hakuna anayewatafuta ili kuwaaibisha. Wanatafutwa ili watazamwe siku 21. Mtu aliyegusana na mgonjwa lakini hana alama yoyote si mgonjwa, na haifai kumkimbia wala kumfukuza. Ajitazame ngozi na homa kila siku, na alama ikitokea tu, aje.

Tunajua sababu zinazofanya watu wafiche. Ya kwanza ni mshahara. Sheria ya Kazi ya Congo ya mwaka 2002 inasema kwamba mfanyakazi mwenye mkataba, akiwa mgonjwa, anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara wake. Omba karatasi ya mganga na uifikishe ofisini. Lakini mwenzetu anayelipwa kwa siku hana ulinzi huo mara nyingi, na yeye ndiye atakayeshawishika zaidi kuvaa glovu na kunyamaza. Wakuu wa vikosi, mfikirieni huyo. Mkimpokonya chakula kwa sababu amesema kweli, wa pili hatasema.

Sababu ya pili ni haya. Vipele vikitokea sehemu za siri, mtu anaogopa maneno ya bibi yake na ya majirani. Ndugu, virusi haviulizi kama mtu ni mwema. Mtoto wa miezi 9 wa Basankusu hakuwa amefanya kosa lolote. Kuugua si aibu.

7. KUMTUNZA MGONJWA

Mganga akisema mgonjwa abaki nyumbani, apewe chumba chake. Kama nyumba ni ya chumba kimoja, apewe mkeka wake pembeni, dirisha likiwa wazi, na sahani, kikombe na taulo zake peke yake. Mtu mmoja tu amhudumie, ikiwezekana yule mwenye kovu la chanjo ya zamani, asiwe mama mwenye mimba. Avae maski na glovu, na anawe mikono kwa sabuni kila mara.

Shuka zake zisikung'utwe. Zikunjwe polepole, zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni. Sakafu na vyombo vipanguswe kwa maji ya javel.

Mgonjwa anywe maji mengi, ale vizuri, apewe parasetamoli kwa homa na maumivu. Asitumbue vipele, asipake tindikali ya betri, majivu wala mizizi juu ya vidonda: uchafu ukiingia, ngozi inaoza na kovu linabaki. Asiguse macho yake, maana virusi vikiingia jichoni vinaweza kupofusha.

Rudi hospitali mbio ukiona mojawapo ya haya: jicho linauma au linakuwa jekundu, mgonjwa hawezi kumeza, anapumua kwa shida, amechanganyikiwa au analala bila kuamka vizuri, vidonda vinatoa usaha wenye harufu. Mtoto mdogo, mama mwenye mimba, na mtu mwenye virusi vya SIDA wasingoje alama hizo: kwao ugonjwa unaweza kuwa mkali, na mimba inaweza kutoka. Mama anayenyonyesha amuulize mganga mapema namna ya kumlisha mtoto.

Baada ya kupona, mwanaume atumie kondomu kwa majuma 12. Wakati wa ugonjwa, asilale na mwanamke kabisa.

8. JE, IKO DAWA? IKO CHANJO?

Dawa moja, tecovirimat, ilijaribiwa hapahapa Congo, na matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Haikufanya vipele kupona upesi zaidi. Lakini jaribio hilo lilifundisha jambo kubwa: wagonjwa wote waliotunzwa vizuri hospitalini, wenye dawa hiyo na wasio nayo, walikufa 1.7 tu kwa 100, wakati katika nchi kwa jumla walikuwa wakifa 3.6 kwa 100 au zaidi. Matunzo mazuri ya mapema yanaokoa. Anayefika siku ya pili si sawa na anayefika siku ya kumi.

Chanjo iko. Dozi za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na watu wakaanza kuchanjwa Goma tarehe 5 Oktoba. Ile inayotumiwa zaidi inatolewa mara mbili, kwa kupisha majuma manne. Wanaotangulizwa ni waliogusana na wagonjwa, watumishi wa afya, na wengine wenye hatari kubwa. Ukiitwa, nenda upesi: ikitolewa ndani ya siku 4 baada ya kugusana na mgonjwa, inaweza kuzuia ugonjwa.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja nyumbani, kila mtu ajibu kabla ya kutazama majibu.

A. Mfanyakazi wa mashine alipata homa Jumatatu, akanywa dawa ya malaria. Jumatano tezi za kinena zimevimba, na viganjani ana madoa manne magumu yanayouma. Homa imepungua. Aende kazini?

B. Mwenzake wa kiwanda cha tindikali ana ngozi iliyopasuka na kuwasha juu ya mikono yote miwili tangu mwezi mmoja. Hana homa. Alipopumzika siku nne alipata nafuu.

C. Mtoto wa miaka 6 ana vipele laini vinavyowasha kifuani na mgongoni. Vingine vina maji, vingine vimekauka. Viganja na nyayo ni safi.

D. Mama amepona, hana homa, lakini magamba mawili bado yako unyayoni. Anataka kurudi sokoni.

Majibu. A: Hapana. Homa kupungua si kupona. Abaki, afunike vipele, aende dispanseri leo, na aseme amegusana na nani. B: Inafanana na ngozi ya kazi. Aonane na muuguzi na mkuu wa usalama juu ya glovu zake. C: Inafanana na tetekuwanga. Akae mbali na watoto wengine na muuguzi amtazame. D: Angoje. Gamba moja lililobaki linatosha kuambukiza.

Kata ukurasa huu, uubandike karibu na mlango, pale unapovulia buti. Kila ukiwa na homa, kabla ya kumchukua mtoto, fungua mikono utazame. Geuza miguu utazame.